Phoenix Imetiwa Betri: Siku Tatu za Mwanzo Mbwera

Imevuta! Nilikuwa nimekaa kitini, tenga la kilo arobaini nyuma yangu kwenye kerieri, gurudumu la nyuma limezama mchangani upana wa vidole vitatu, nikingoja lile jambo ninalolijua tangu utoto: kushuka, kuinamisha kichwa na kusukuma. Nikakanyaga pedeli nusu mzunguko tu. Gurudumu la mbele likatoa mlio mwembamba kama mbu apitaye sikioni, na sote kwa pamoja, mimi, tenga, samaki na majani ya mgomba yaliyowafunika, tukatoka mchangani kama ngalawa iliyopata upepo. Binamu yangu aliyesimama kando akapiga yowe. Mimi nikapiga kubwa zaidi.

Naandika haya na grisi ingali kuchani. Nimekaa Mbwera na baiskeli hii siku tatu, basi, wala sidai nimeipima masika na kiangazi. Lakini nimekuwa mtu wa baiskeli tangu siku nilipoweza kupitisha mguu chini ya bomba la fremu ya Phoenix ya marehemu babu, mwili upande huu, baiskeli upande ule, kama tulivyojifunza wote tuliokuwa wafupi kuliko kiti. Nimebeba nazi, mpunga, wadogo zangu, na siku moja mbuzi mzima. Sijawahi kuhisi kitu kama kile cha asubuhi ya kwanza pale diko.

Niwaeleze ni kitu gani hasa. Msifikirie ile baiskeli ya umeme ya kwenye vioo vya maduka ya mjini, yenye matairi manene na rangi ya kung'aa. Hii ni Phoenix, ile ile ya Shanghai, nchi 28, fremu ya chuma, breki za fito, kerieri ya nondo iliyochomelewa nyumbani, na kengele yake. Fundi mmoja wa Kibiti ametoa gurudumu la mbele na kutia jingine ambalo kitovu chake kimenenepa kama bakuli la uji. Ndani ya bakuli hilo mna mota ya wati 350. Katika pembetatu ya fremu, pale wengine wanapofunga pampu, amefunga betri ya lithiamu ya volti 48 na amp-saa 10, inayofungwa kwa ufunguo na kuchomoka kama mtoto wa meza. Waya mmoja unakwenda kwenye kontrola, mwingine kwenye kihisio kidogo penye ekseli ya pedeli, wa tatu kwenye kidude cha usukani chenye taa tano na kibonyezo cha kidole gumba. Breki ya mbele ya fito haikuelewana na ringi mpya, kwa hiyo akaweka ya kubana. Breki ya nyuma, cheni, pedeli, tandiko, vyote vimebaki kama vilivyotoka kiwandani.

Sasa hizo wati. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga pedeli kwa mwendo anaoweza kuushikilia kwa saa nzima, anatoa wati kama 75 hadi 100. Kwa hiyo ndani ya lile bakuli wamejificha watu watatu wenye nguvu zao, hawali, hawalalamiki, na wanaanza kusukuma pale pale wewe unapoanza. Wazo lenyewe ni la kale ajabu: Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota kitovuni mwaka 1895, na mpaka leo ukiutazama mchoro wake unaitambua. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni betri ambayo mtu anaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Yamaha wa Japani walipoingiza sokoni mwaka 1993 baiskeli ambayo mota yake husaidia kwa kadiri unavyokanyaga, bado betri zilikuwa za risasi, nzito. Hii yangu ina kilo tatu. Kilo tatu! Mfuko wa unga unazidi hapo.

Kwa nini nimeileta Mbwera? Kwa sababu hapa ndipo baiskeli inapofanya kazi ya gari, ya punda na ya hamali, na ndipo ardhi haimhurumii yeyote. Mbwera ni ya Wilaya ya Kibiti, lakini kwa barabara unatoka Kibiti mjini, unapita Ikwiriri, unauvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unapita Nyamwage, unakatia Muhoro, ndipo unaitafuta delta kwa njia ya Mbuchi. Ukifika uko kwenye nchi ya mikoko mingi kuliko mahali pengine popote pwani ya Afrika Mashariki, mkoko na mchu na mkandaa hadi macho yanapokoma, nchi iliyo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu mwaka 2004 pamoja na Mafia na Kilwa. Kwa mwenye baiskeli maana yake ni mchanga mkavu, mfinyanzi mweusi wa mashamba ya mpunga, tope la chumvi, na kijito kingine kila unapodhani umemaliza vijito. Hakuna mlima, na hilo huwadanganya watu wa mjini. Mlima unaupanda ukaumaliza. Mchanga unakufuata mpaka mlangoni.

Historia ya delta hii ni historia ya mabega ya watu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha kwenye mikono ya Rufiji mwaka 1914, mashine zake zilikuwa zimeharibika, na sehemu za bwela zake zilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam zikatengenezwe, kisha zikarudishwa, kwa nguvu za maelfu ya wafanyakazi wa Kiafrika wenye kamba mabegani. Meli yenyewe ilizama Julai 1915. Kila nikisoma habari zake huwafikiria wale waliovuta, wala si makapteni. Na asubuhi ile mota iliponitoa mchangani niliwafikiria wao kwanza.

Tuje kwenye jaribio lenyewe, maana nililifanya kwa haki. Binamu yangu ni mchuuzi wa samaki. Ana Phoenix ya kawaida, inang'aa kwa matunzo, na miguu ambayo ingeweza kusaga mahindi. Tulipima mizigo kwenye mizani ya mnunuzi wa mpunga: kilo arobaini kwake, kilo arobaini kwangu. Tukapima na baiskeli zenyewe: yake kilo 21, yangu 29. Tukaanzia diko, njia moja, tukielekea dukani penye njia panda. Ilikuwa Juni, kusi limeanza kuchachamaa, na upepo ulikuwa usoni.

Alishuka mara nne. Nilihesabu. Kila penye mchanga mzito alishuka, akasukuma hatua thelathini, hamsini, akapanda tena, na kupanda baiskeli yenye tenga nyuma ni sanaa peke yake, kwa sababu ukiikosa mara moja samaki wote wanaoga vumbi. Mimi sikushuka hata mara moja. Niliweka taa ya tatu kati ya tano, nikakanyaga kama mtu anayekwenda kumtembelea shangazi, na kanga yangu haikulowa jasho. Nilipofika dukani nilikunywa maji, nikanunua vocha, nikapiga soga na muuzaji, ndipo binamu akatokea kwenye kona, fulana imemganda mgongoni.

Tukabadilishana. Alipanda yangu bila kusema kitu, akaenda mpaka mnazi ulioinama, akageuza, akarudi. Akapita mbele yetu bila kusimama, akaenda tena. Mara ya tatu akasimama, akashusha mguu chini na kuinama kulitazama lile bakuli la chuma.

"Dada," akaniambia, "hii nani alikuwa anaisukuma?"

Hapo ndipo penye uchawi wake, na nataka mnielewe. Haikimbii kama bodaboda. Ikijitahidi sana inafika kilomita 25 kwa saa kwenye njia ngumu iliyokauka, na huko Ulaya sheria inaikata mota hapo hapo kwenye 25. Utamu wake uko chini kabisa, kwenye mwendo wa kilomita nane, kumi, pale mchanga unapotaka kukusimamisha na hausimamishi. Unakanyaga mwenyewe, unahisi cheni inakaza, unahisi gurudumu la nyuma linasukuma kwa nguvu zako, na wakati huo huo mbele kuna kitu kinakuvuta. Magurudumu yote mawili yanafanya kazi. Wenye magari ya safari wanaujua utamu huo. Sisi wa baiskeli hatukuwahi kuuonja.

Tope lilinifundisha adabu siku ya pili. Nikiwa na mzigo wote nyuma, gurudumu la mbele lilikuwa jepesi, na kwenye mfinyanzi uliolowa likaanza kuzunguka bure na kunirushia tope kwenye magoti. Nilijaribu kubonyeza zaidi, likazunguka zaidi. Dawa yake niliipata kwa bahati: nilihamisha kapu dogo la kaa kutoka kerieri nikalifunga mbele ya usukani, nikaacha kibonyezo, nikakanyaga polepole na kuiacha mota isaidie kwa kadiri ya miguu yangu. Ikashika! Jingine ni madigadi. Madigadi ya mbele ya Phoenix yako karibu mno na tairi, na mfinyanzi wa Mbwera ukishaingia hapo unakauka kama tofali. Nimeyatoa. Yatarudi kiangazi.

Jioni ya siku hiyo nilimpelekea mjomba chakula chake shambani. Mpunga ulikuwa umeiva, na yeye alikuwa juu ya dungu lake akilinda, mchana ndege, usiku nguruwe na viboko. Nimeipita njia ile mara nyingi kwa baiskeli yenye dainamo, ambayo taa yake hufifia kila unapopunguza mwendo, yaani hufifia pale pale penye shimo unapoihitaji zaidi. Taa ya betri haijali mwendo wako. Na hii mashine haina kelele! Nilisikia vyura, nilisikia upepo kwenye mpunga, na nilisikia mbali kule mtoni kiboko akipuliza maji, nikajua yuko upande gani. Mwenye pikipiki angejua akishamwona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja na nini, sikusikia kitu."

Alishuka ngazi, akaizunguka baiskeli mara mbili akiishika hapa na pale, kisha akauliza swali ambalo tangu hapo limenikaa kichwani kuliko maswali yote: "Hilo betri likifa katikati ya njia, umebaki na nini?"

Swali hilo ndilo la kumuuliza kila muuza baiskeli za umeme, na jibu lake liko ndani ya mota. Mota za kitovu ziko aina mbili. Ya kwanza haina gia ndani: sumaku zimezunguka koili, basi, na ukizima umeme zile sumaku zinaendelea kushikana na chuma, kwa hiyo unakanyaga huku kitu kinakurudisha nyuma muda wote. Ya pili ina gia ndogo ndani pamoja na friwili yake. Ukizima, gurudumu linajitenga na mota na kuzunguka karibu kama lolote lile. Kuijua ipi ni ipi hakuhitaji shule. Inua baiskeli mbele ya muuzaji, umeme umezimwa, zungusha gurudumu upande wa mbele kwa mkono. Likizunguka muda mrefu, nunua. Likisimama upesi kama lililoshikwa, rudisha pesa mfukoni.

Yangu ina friwili. Kwa hiyo nilimjibu mjomba kwa vitendo: nikachomoa betri, nikampa aishike, nikapanda na kuondoka gizani kwa miguu yangu. Kilo 26, nzito kidogo kuliko ya binamu, lakini baiskeli. Phoenix. Ikikatika cheni, fundi chini ya mwembe anayo. Ukipata pancha nyuma, kiraka na solusheni vile vile. Nilirudi natweta, nimefurahi kama mtoto wa madrasa siku ya kuhitimu. Mjomba alicheka, akanirudishia betri kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto mchanga.

Na kwa hilo nimeshaamua upande wangu kwenye ubishi huu wa umeme au kawaida. Kwa Mbwera usinunue baiskeli ya umeme ambayo bila umeme ni chuma chakavu. Chukua baiskeli unayoijua, ambayo spoki zake na gololi zake ziko kwenye kila duka kuanzia Kibiti mpaka Muhoro, uitie mota na betri. Zikiwa nzima unaruka. Zikiharibika unazivua, na maisha yanaendelea. Wenzetu wa Jinja, Uganda, wameifuata njia nyingine: shirika la FABIO limeingiza baiskeli ya mizigo iitwayo AfricroozE, iliyoundwa tangu mwanzo kuwa ya umeme na yenye kerieri imara, na naililia kwa wivu kila nikiiona pichani. Lakini yenye fundi wa karibu ndiyo yangu.

Kuna mahali ambapo ile ya kawaida inashinda, tena waziwazi. Kijito. Siku ya tatu tulivuka kwa mtumbwi, maji ya bamvua yamepwa mpaka tope la ukingoni limebaki wazi, na baiskeli haikanyagwi hapo, inabebwa. Binamu alitupa Phoenix yake begani kwa mkono mmoja, akashuka kwenye tope lililomfika muundi, akailaza mtumbwini kana kwamba ni kasia. Mimi nilichomoa betri nikaitia kwenye begi mgongoni, na hata hivyo nilihitaji mtu wa pili upande wa usukani, maana uzito wote wa mota uko mbele na baiskeli inataka kuinama kichwa. Mwenye kuvuka vijito vitatu kwa siku, peke yake, bila mzigo mkubwa, sina la kumshawishi. Abaki na yake.

Mwanafunzi pia abaki na yake. Mtoto anayekwenda shule na madaftari mawili hahitaji wati 350. Anahitaji baiskeli isiyoibiwa na isiyokatika. Anayetaka kuongeza nguvu bila betri, ipo njia nayo: World Bicycle Relief, walioanza kwa kugawa baiskeli Sri Lanka baada ya tsunami, sasa wana Buffalo ya gia mbili ambayo unabadili gia kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo, haina waya wala kamba ya gia inayoweza kukatika. Ningependa sana kuijaribu kwenye mchanga huu. Lakini mchuuzi wa samaki, mkata nazi, mama anayepeleka mpunga mashineni, mkunga anayeitwa usiku, hao ndio ninaowapigia kelele.

Tuongee chaji, kwa sababu kila mtu aliyeigusa baiskeli aliuliza "na umeme wake je?" Volti 48 mara amp-saa 10 ni wati-saa 480, yaani nusu yuniti ya umeme. Nusu! Kwa mita ya TANESCO, hata kwa anayelipa bei ya juu ya nyumbani, hiyo haifiki shilingi 250, wakati lita moja ya petroli mwaka 2024 ilipita shilingi 3,000 kabla hata haijatiwa kwenye dumu na kusafirishwa kuja huku. Nilipoichaji mara ya kwanza Kibiti mjini nilikuwa na wazo moja lililonifanya nicheke peke yangu. Huko juu ya mto, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Maji yakishaizungusha mitambo hiyo yanashuka Rufiji mpaka kwenye mikoko hii. Maji yale yale! Yanapita chini ya mtumbwi wetu, na sehemu ya kazi yake imo ndani ya betri iliyo mgongoni mwangu.

Mbwera nilichaji kwa sola, dukani wanapochaji simu. Chaja inakula wati kama 110. Paneli ya wati 150, jua la Juni, siku nzima, inatosha kujaza betri iliyokuwa karibu tupu. Tena haijawahi kuniishia kabisa. Kwa mzigo wa kilo arobaini, mchanga na kusi, nikikanyaga mwenyewe kwa haki, hesabu yangu ni kilomita 30 za uhakika. Bila mzigo, kwenye njia iliyokauka, nyingi zaidi. Ukiwa mvivu ukategemea kibonyezo peke yake, toa theluthi nzima. Mwenye duka ameanza kuniuliza betri nne kwa mpigo zingehitaji paneli ngapi. Nimemchorea kwenye karatasi ya sukari.

Gharama ni ya kuzungumza bila kuficha. Betri peke yake inazidi bei ya Phoenix mpya, na betri ndiyo mali yenyewe. Mota ikitunzwa itaishi kuliko fremu. Betri ya namna hii hutoa chaji kamili 500 hadi 800 kabla haijaanza kuchoka, kwa hiyo anayechaji siku baada ya siku nyingine ana miaka mitatu, minne. Kwa mchuuzi nimefanya hesabu na binamu usiku kwenye mwanga wa taa ya baiskeli yenyewe. Leo anakwenda safari moja kabla jua halijawa kali, kwa sababu kwenye safari ya pili miguu inakataa na samaki wanaharibika. Kwa hii aliona safari mbili, tena ya pili akiwa na nguvu za kupatana bei. Safari ya pili ndiyo inayolipa betri. Yeye ndiye aliyelisema hilo, mimi niliandika tu.

Adui mkubwa ni chumvi. Nimeipenda baiskeli hii na kwa hiyo naiogopea. Kila plagi ya waya ijazwe grisi kabla ya kuunganishwa na ielekezwe chini ili maji yasikae. Ukitoka kwenye tope la mikoko, oshea maji baridi ya kisima, kwa kitambaa, wala usielekeze mpira wa maji kwenye kitovu. Waya wa mota unaingilia kwenye ekseli, na maji yakipanda mpaka hapo yatatafuta njia. Ekseli iko chini kidogo ya goti langu, kwa hiyo kijito kinachonifika nusu ya muundi napita, kinachokaribia goti nabeba. Betri isilazwe kwenye maji ya chini ya mtumbwi hata dakika moja, na iliyoingia maji chumvi isichajiwe kamwe, kwa sababu lithiamu ikiwaka haizimwi kwa ndoo. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyopita Rufiji na Kibiti bado yamo midomoni mwa kila mtu hapa. Betri ilale juu, darini, pamoja na mbegu za mpunga.

Na vile vyuma viwili vidogo vinavyoshikilia ekseli ya mota isizunguke kwenye uma, fundi asije akakwambia si lazima. Mota ina nguvu ya kuisokota ekseli mpaka ikatoka na kukata waya zake. Mimi sikuondoka kwa fundi mpaka nilipoviona vyote viwili vimekazwa, kulia na kushoto, na kila asubuhi kabla ya kupanda nimeweka spana juu yake. Spana namba 18. Ninayo mfukoni hata sasa.

Leo alfajiri ilikuwa zamu yangu ya kuondoka. Mashua za usiku zilikuwa zimeingia na diko lilikuwa limejaa watu, kamba wengi, mkizi wengi. Binamu aliniomba baiskeli safari moja tu, akifika njia panda ataniachia niendelee Muhoro. Alifunga tenga mbili. Mbili! Kapu la tatu akaliweka mbele ya usukani bila kuambiwa, akawasha taa zote tano, akaniachia Phoenix yake nimfuate.

Nilimfuata. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, bila mzigo, jasho likinitiririka, na mchanga wa Mbwera ukanishusha mara ya kwanza penye mnazi ulioinama. Nilipoinua kichwa, taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inakata kona.